Mwamba Ngoma Huvutia Kwake

Mwamba ngoma huvutia kwake. Methali hii twaifundisha kila mwaka, na wanafunzi huieleza upesi kwa mifano ya nyumbani: mgawaji wa nyama, au mwamuzi wa mchezo aliye ndugu wa mchezaji. Ni mara chache tunawaonyesha kwamba gazeti nalo ni ngoma, na kwamba yuko anayeiwamba. Kwa ajili hiyo nasimulia hapa habari za gazeti moja la Dar es Salaam, ambalo lilipewa ruhusa ya kusema kweli na mtu aliyekuwa na uwezo wa kuliondolea ruhusa hiyo.

Tanganyika Standard lilianza kutolewa mwaka 1930, kwa lugha ya Kiingereza, chini ya utawala wa Mwingereza. Wasomaji wake wa kwanza walikuwa hasa maofisa, wafanyabiashara na walowezi, na ngozi ya ngoma ilivutwa upande wao. Waafrika waliodai uhuru iliwabidi wajitafutie sauti yao wenyewe. Mojawapo ilikuwa Sauti ya TANU, ambamo Mwalimu Julius Nyerere aliwashutumu maofisa wa kikoloni. Kwa maneno hayo alishtakiwa mwaka 1958, akaonekana ana hatia, akatozwa faini. Basi gharama ya kumwandika mkubwa aliijua kwa kusimama kizimbani, si kwa kusoma vitabuni.

Uhuru ulipatikana mwaka 1961, lakini gazeti lilibaki mikononi mwa wageni, mwishowe kampuni ya Lonrho. Tarehe 5 Februari 1970, miaka 3 kamili baada ya Azimio la Arusha, serikali ililitaifisha. Siku hiyo Rais Nyerere alilipa gazeti hati ya mwongozo ambayo yafaa ikumbukwe. Gazeti litaunga mkono siasa ya nchi kwa jumla, lakini litakuwa huru kujadili pendekezo lolote, kwa kulitetea au kulipinga, liwe limetoka serikalini au katika TANU. Litakuwa huru pia kukosoa vitendo vya kiongozi yeyote, na kutangaza kasoro za utekelezaji, awe nani aliyezitenda. Ni nadra mtawala kuandika kwa hiari yake ruhusa ya kukosolewa. Hata hivyo mhariri aliteuliwa na Rais, na Rais ndiye aliyeweza kumwondoa.

Mhariri huyo alikuwa Frene Ginwala, mwanamke wa Afrika ya Kusini mwenye asili ya Kihindi, mwanachama wa ANC aliyekuwa uhamishoni. Mwezi Julai 1971 yalitokea mapinduzi nchini Sudan, yakazimwa baada ya siku chache, na Rais Nimeiri akawanyonga viongozi wa chama cha Kikomunisti. The Standard, kama gazeti lilivyoitwa wakati huo, lilitoa tahariri ya kuyalaani mauaji hayo. Tahariri hiyo haikumgusa kiongozi yeyote wa Tanzania. Ilimgusa kiongozi wa nchi rafiki. Muda si muda Ginwala akaondolewa kazini.

Tarehe 26 Aprili 1972 The Standard liliunganishwa na The Nationalist, gazeti la TANU, likazaliwa Daily News. Mhariri wake alikuwa Benjamin Mkapa, ambaye hapo kwanza aliliongoza The Nationalist, na ambaye mwaka 1995 alichaguliwa kuwa Rais wa nchi. Ginwala naye alikuwa Spika wa Bunge la Afrika ya Kusini huru tangu 1994 hadi 2004.

Sisimulii haya ili kumhukumu Mwalimu. Aliahidi zaidi ya walivyoahidi watawala wengi wa zama zake, na wenye gazeti waliomtangulia hawakuwa waadilifu kuliko yeye. Lakini ruhusa si haki. Ruhusa hukaa mkononi mwa mtoaji, na siku atakapoudhika hufumba kiganja. Kwa hiyo tusiishie kuuliza, "Nani ameandika habari hii?" Tuulize pia, "Nani aweza kumfukuza aliyeiandika?" Swali hili lamhusu tajiri mwenye gazeti lake kama linavyoihusu serikali.

Na sisi walimu wa lugha tunayo sehemu yetu. Upendeleo hauji daima kwa uongo. Mara nyingi huja kwa kitenzi. Waziri "ameeleza", mpinzani wake "amedai". Mmoja "amefafanua", mwenziwe "amelalamika". Huenda wote wawili wamesema tu. Itazame pia kauli ya kutendwa: "Waandamanaji wametawanywa." Wametawanywa na nani? Sarufi imemficha mtenda, na msomaji asiyefundishwa hapotezi muda kumtafuta.

Nimezoea kuleta darasani habari moja kutoka magazeti mawili, nikawaambia wanafunzi wapige mstari chini ya kila kitenzi cha kusema na kila kauli ya kutendwa, kisha waiandike upya pasipo kumpendelea yeyote. Kazi hiyo huwatoa jasho. Mara kwa mara mwanafunzi husimama akasema, "Mwalimu, hata mimi nimevutia kwangu." Hapo ndipo methali ile huwa imeeleweka.