Fomu imegoma kwenye simu yako? Huenda shida ni injini ya kivinjari

- Tovuti moja inaweza kufunguka kwenye simu moja na kugoma kwenye nyingine, hata kama mtandao ni uleule.
- Injini za vivinjari hurekebishwa hadharani, na mtu yeyote anaweza kuripoti hitilafu.
- Wenye simu za zamani na za bei nafuu ndio wanaoumia zaidi.

Mbeya. Chukulia mfano huu. Zimebaki saa chache dirisha la maombi ya chuo lifungwe. Kijana aliyepo Ilomba jijini Mbeya ameshajaza jina, namba ya mtihani na kozi anazotaka. Anabonyeza kitufe cha kutuma, kimya. Anabonyeza tena, kimya. Bando lipo na meseji za WhatsApp zinaingia kama kawaida.

Jirani yake anafungua fomu ileile kwenye simu nyingine, inapita mara moja. Asiye na jirani wa aina hiyo ataishia steshenari, alipie kazi ambayo angeifanya mwenyewe akiwa nyumbani.

Wengi hulaumu mtandao. Mara nyingine ni kweli, lakini mara nyingine shida ipo kwenye injini ya kivinjari.

Injini ya kivinjari ni nini?

Chrome, Firefox au Safari ni jina unaloliona kwenye simu. Injini ni sehemu ya ndani inayosoma kodi ya tovuti na kuigeuza kuwa maandishi, picha na vitufe.

Kodi hiyo huandikwa kwa lugha kuu tatu. HTML hupanga yaliyomo kwenye ukurasa, CSS huweka mwonekano na JavaScript hufanya vitufe na fomu zifanye kazi.

Vivinjari ni vingi, ila injini kubwa zinazotumika leo ni tatu tu:

- Blink, inayoendesha Chrome, Edge, Opera na Samsung Internet.
- WebKit ya Apple, inayoendesha Safari. Kwa watumiaji wa hapa nchini, hata Chrome ya kwenye iPhone huendeshwa na WebKit.
- Gecko ya Mozilla, inayoendesha Firefox.

Blink na WebKit ni ndugu. Zote zimetokana na KHTML, injini iliyoanza mwaka 1998 kama kazi ya mradi huria wa KDE. Apple iliichukua na kutengeneza WebKit, kisha mwaka 2013 Google ikajitenga na kuanzisha Blink.

Viwango vinatoka wapi?

Ili tovuti moja ionekane sawa kila mahali, injini zote lazima zifuate maandishi yaleyale. Maandishi hayo ndiyo huitwa viwango vya wavuti. Mwaka 1994 Tim Berners-Lee, aliyebuni wavuti, alianzisha taasisi ya W3C kusimamia viwango. Leo kiwango cha HTML kinatunzwa na kundi la WHATWG, lililoanzishwa mwaka 2004 na watu kutoka Apple, Mozilla na Opera.

Kiwango hakisemi tu jinsi ya kuandika kwa usahihi. Kinasema pia injini ifanye nini ikikuta makosa, na hapa ndipo fumbo la fomu ya Ilomba linapofunguka.

Injini ikikuta alama ya HTML isiyoijua, huipita na kuendelea. Ikikuta mstari wa CSS usioeleweka, huuruka huo tu. Lakini ikikuta JavaScript yenye sarufi isiyoijua, huliacha faili zima bila kulitekeleza. Ndiyo maana fomu inaweza kuonekana nzima, ina rangi na vitufe vyote, halafu ukibonyeza hakuna kinachotokea.

Zamani hali ilikuwa mbaya zaidi

Internet Explorer 6 ilipotoka mwaka 2001, ilitawala kiasi kwamba watengenezaji wengi waliandika tovuti kwa kuifuata yenyewe badala ya viwango. Tovuti hizo ziliharibika zikifunguliwa kwenye kivinjari kingine.

Mwaka 2005 wanaharakati wa viwango walitoa jaribio la Acid2. Injini iliyofuata viwango ilichora uso unaotabasamu, na iliyokosea ilichora vurugu. Safari ilikuwa ya kwanza kufaulu mwaka huohuo. Firefox ilifuata mwaka 2008 na Internet Explorer mwaka 2009. Microsoft ilikuja kusitisha huduma kwa Internet Explorer Juni 15, 2022.

Siku hizi kuna hazina ya pamoja ya majaribio inayoitwa Web Platform Tests, yenye majaribio madogo zaidi ya milioni moja. Matokeo yake yapo wazi mtandaoni. Tangu mwaka 2022 Apple, Google, Microsoft na Mozilla, pamoja na kampuni ya Igalia, hushirikiana katika mpango wa Interop. Kila mwaka huchagua maeneo ambayo injini zinatofautiana na kuyanyoosha.

Hitilafu inarekebishwaje?

Kwanza mtu huripoti. Chromium, WebKit na Firefox zote zina daftari la hitilafu mtandaoni ambalo mtu yeyote anaweza kulisoma, isipokuwa zile za usalama zinazofichwa mpaka zirekebishwe.

Pili, tatizo hupunguzwa. Ukurasa wenye maelfu ya mistari hukatwakatwa mpaka ibaki mistari michache inayoonyesha kosa. Hii ndiyo kazi ngumu, na haihitaji kuwa mfanyakazi wa Google kuifanya.

Tatu, kiwango husomwa. Ikionekana injini ndiyo imekosea, kodi hurekebishwa, wengine huikagua na jaribio jipya huongezwa ili kosa lilelile lisirudi. Marekebisho hufika kwa watumiaji kwenye toleo jipya, ambalo kwa Chrome na Firefox hutoka takriban kila mwezi.

Kuna wakati injini hulazimika kuiga mazoea ya wengine. Tovuti nyingi za simu ziliandikwa kwa amri za CSS zenye jina la WebKit, ambazo hazikuwa kiwango. Mwaka 2016 Firefox 49 ilianza kuzikubali, kwa sababu watumiaji wake ndio waliokuwa wakiona kurasa zilizovurugika.

Simu ndogo, injini ya zamani

Marekebisho hayana maana kama hayafiki kwenye simu.

Mwaka 2019 Vodacom Tanzania ilileta Smart Kitochi, simu ya vitufe yenye intaneti inayotumia mfumo wa KaiOS. Ilikuwa njia ya kuingia mtandaoni kwa mtu asiyemudu simu janja. Hata hivyo KaiOS 2.5, toleo lililosambaa zaidi kipindi hicho, lilibeba Gecko 48, injini ya mwaka 2016.

Miezi michache baada ya Gecko 48, Machi 2017, Firefox 52 ilileta njia mpya ya kupanga ukurasa kwa safu na nguzo, CSS Grid, pamoja na sarufi mpya ya JavaScript iitwayo async. Tovuti iliyoandikwa kwa sarufi hiyo bila kuwajali wenye injini ya zamani huwafungia mlango. Machi 2020 KaiOS na Mozilla zilitangaza ushirikiano wa kuisasisha injini hiyo, na KaiOS 3.0 ikaja na Gecko 84.

Android nayo ina ukomo wake. Toleo la mwisho la Chrome kwa Android 8 na 9 ni 138, na kuanzia 139 la mwaka 2025 inahitajika angalau Android 10. Simu inaendelea kupiga na kupokea, ila injini yake imesimama hapo.

Opera Mini ni kesi nyingine. Ikiwa kwenye hali ya kubana data kwa kiwango cha juu kabisa, ukurasa hufunguliwa kwanza kwenye seva za Opera, kisha simu hupokea nakala iliyobanwa. Bando linadumu, lakini JavaScript haiendeshwi ndani ya simu kama kawaida, hivyo baadhi ya fomu hugoma.

Ufanye nini fomu ikigoma?

1. Kama unatumia Opera Mini, zima hali ya kubana data au ipunguze, kisha fungua upya fomu.
2. Ingia Play Store, sasisha Chrome na Android System WebView. Hiyo ya pili hutumiwa na programu nyingi zinazofungua kurasa ndani yake. Kama bando ni dogo, subiri ukipata Wi-Fi, ila usisubiri siku ya mwisho ya maombi.
3. Jaribu kivinjari chenye injini tofauti. Ukitoka Chrome kwenda Edge umebaki kwenye Blink ileile, kwa hiyo jaribu Firefox. Kwenye iPhone, sasisha iOS.
4. Bado inagoma? Piga picha ya skrini, andika aina ya simu na toleo la kivinjari, kisha uwatumie wenye tovuti. Unaweza pia kuripoti kupitia webcompat.com, ambako wapo wanaofuatilia tovuti zinazogoma kwenye vivinjari.

Kwa wanaotengeneza tovuti

Kipimo kizuri cha fomu ni hiki: je, inatuma taarifa hata JavaScript ikishindwa? HTML pekee ina uwezo huo tangu miaka ya 1990. Anza na fomu inayofanya kazi hivyo, halafu ongeza madoido.

Ijaribu kwenye Blink, WebKit na Gecko, kisha iazimie simu ya zamani mtaani uione inavyofunguka huko. Kwa mwanafunzi wa kompyuta, kwa mfano wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST), kosa atakalolikuta linaweza kuwa ripoti yake ya kwanza: mistari michache ya kodi, alichotarajia kuona na alichokiona. Watengenezaji wa injini huanzia hapo hapo.