Askari Aende, Kaya Ibaki

Mbeya ina kambi ya Mbalizi na JKT Itende. Iringa ina JKT Mafinga. Katika kota za wanajeshi, barua ya uhamisho ndiyo inayoamua mtoto atasoma wapi na mama atalima wapi. Je, kuhamahama kwa kaya ni sharti la uaskari, au ni desturi iliyorithiwa? Nyanda za Juu Kusini zimewahi kuona njia tatu za kumweka mpiganaji na familia yake, na zikilinganishwa jibu linaonekana.

Njia ya kwanza ni ya Wanyakyusa wa Rungwe. Monica Wilson, aliyefanya utafiti huko miaka ya 1930 pamoja na mumewe Godfrey, alieleza jinsi wavulana wa rika moja walivyotoka kwa baba zao wakiwa na umri wa miaka kama 10, wakajenga kijiji chao. Humo waliwaleta wake zao, humo wakazeeka. Vita vikija, waliosimama bega kwa bega ni walewale waliokula pamoja kila siku. Mabadiliko makubwa ya makazi yalikuja na ubusoka, sherehe ya kukabidhi madaraka na kupanga ardhi upya. Hayo yalikuwa ya mara moja kwa kizazi, na majirani waliyapitia pamoja.

Wahehe walikuwa na njia yao. Jeshi la mtawala wao Mkwawa lililomuua kamanda wa Kijerumani Emil von Zelewski na kuvunja kikosi chake pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891 lilitegemea wanaume walioitwa kutoka vijijini chini ya wakuu wao. Wengi wao walikuwa wakulima. Aliyehama ni mpiganaji. Mke na shamba vilibaki vikimngoja.

Njia ya tatu ililetwa na Wajerumani. Mwaka 1889 ofisa wao Hermann von Wissmann aliunda kikosi chake kwa kuajiri Wasudani wengi kutoka Misri. Kalenga, ngome ya Mkwawa, ilianguka Oktoba 1894, na mwaka 1896 kituo cha kijeshi kikajengwa Iringa. Kuzunguka vituo vya namna hiyo askari waliishi na wake na watoto wao, na safari ikitangazwa kaya nzima ilifuata msafara. Katika vita vya 1914 hadi 1918 wanawake walipika, wakabeba mizigo na kuzaa njiani. Mkoloni alinufaika na ugeni wa askari hao: askari asiye na ndugu wala shamba mahali anapotumwa hana anayemwonea haya.

Jeshi letu lilizaliwa kwa nia tofauti. Baada ya maasi ya Januari 1964 katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, Jeshi la Wananchi liliundwa tarehe 1 Septemba mwaka huohuo, na kambi ile ikapewa jina la Lugalo. Jeshi la wananchi halihitaji ugeni wa askari wake; linahitaji wajulikane na kuaminiwa wanapoishi.

Uhamisho una sababu zake za haki. Mipaka lazima ilindwe, ujuzi usambae, na vituo vigumu visiachiwe watu walewale. Lakini hata Marekani, ambako familia za wanajeshi huhama kila miaka miwili au mitatu hivi, Wizara ya Ulinzi iliagiza Mei 2025 kwamba bajeti ya uhamisho usio wa lazima ipunguzwe kwa nusu ifikapo 2030.

Hapa kwetu hasara iko wazi shambani. Mahindi hupandwa mvua za Novemba na Desemba zikianza, huvunwa kuanzia Juni. Mparachichi wa kupandikizwa huchukua kama miaka mitatu kuzaa. Mama anayehamishwa katikati ya msimu humwachia mwingine jasho lake. Mtoto wa kidato cha nne naye hubadilishiwa walimu mtihani ukiwa mlangoni.

Basi mwenye mtoto katika darasa la mtihani aachwe amalize mwaka. Uhamisho usio wa dharura usubiri mavuno na likizo. Askari akipangiwa kituo cha muda mfupi, familia iruhusiwe kubaki katika kota yake. Jeshi halitadhoofika kwa hayo: Rungwe na Kalenga zilipigana kwa ushujaa, na wapiganaji wao walikuwa na makao.