Anayeuza Anapandishwa Lori, Anayenunua Anaenda Nyumbani

Kila msako wa usiku hapa town huisha na picha ile ile. Wanawake wamejifunika uso kwa mkoba, wanapandishwa lori ya kanjo, kamera zinawamulika kama wameiba benki. Kesho yake picha imesambaa kila mahali na watu wanacheka. Swali langu ni moja tu: wateja wako wapi? Umewahi kuona picha ya buda amejifunika uso na koti ya suti, anapandishwa lori juu alikuwa ananunua? Mimi bado.

Biashara yoyote iko na watu wawili. Mwenye mutura hawezi kuuza mutura kama hakuna mtu amesimama pale na njaa yake. Lakini kwa hii biashara moja tumekubali kwamba mwenye makosa ni mmoja. Chuo niliacha, kusoma sikuacha, na kadiri ninavyosoma hii historia naona hii kitu haikujileta yenyewe. Kuna watu walikaa wakaamua hivyo.

Tuanze Uingereza, juu sheria zetu nyingi zilitoka huko. Mwaka wa 1864 bunge lao lilipitisha Sheria ya Magonjwa ya Kuambukiza. Jina linakaa la hospitali, lakini kazi ilikuwa ya polisi. Wanajeshi na wanamaji walikuwa wanaugua kaswende na kisonono kwa wingi, na serikali ikaona dawa ni kushika wanawake. Kwa miji ya bandari na kambi kama Portsmouth na Plymouth, polisi aliyevaa nguo za raia angemshuku mwanamke kuwa kahaba, na basi, huyo mwanamke alazimishwe kupimwa sehemu za siri. Akipatikana mgonjwa anafungiwa hospitali miezi. Akikataa kupimwa, jela. Na mwanajeshi? Wanajeshi walikuwa wanapimwa hapo awali, lakini hiyo ikaachwa juu ilionekana inawavunjia heshima. Heshima ya mwanamke haikuwa kwa hesabu.

Mwaka wa 1871 tume ya serikali ikaulizwa mbona mwanaume hashikwi. Jibu lao, kwa maneno yangu, lilikuwa hivi: mwanamke anafanya kwa pesa, mwanaume ameteleza tu kidogo kufuata maumbile yake. Soma hiyo tena polepole, halafu uniambie kama hujaisikia kwa matatu wiki hii.

Mama mmoja anaitwa Josephine Butler alipigana na hiyo sheria kuanzia 1869, akizunguka miji akihutubia watu mambo ambayo mwanamke wa heshima hakutakiwa hata kuyataja. Sheria ilisimamishwa 1883, ikafutwa kabisa 1886. Sheria ilikufa, lakini mawazo yake yalisafiri.

Sasa njoo nyumbani. Reli ilifika Nairobi mwaka wa 1899, na mji ukakua kama mji wa wanaume. Mwafrika alikubaliwa hapa kama mfanyakazi, si kama mwenyeji. Baadaye akavalishwa kipande. Mshahara wake ulipangwa kana kwamba hana mke wala mtoto, juu ilichukuliwa kwamba familia iko rizavu inajilisha yenyewe. Nyumba zilikuwa chache, wanaume wakabanana kwa vyumba kama dagaa. Ukileta maelfu ya wanaume mahali pamoja, uwanyime mishahara ya kulea familia, uwanyime nyumba za kukaa na familia, umeshaunda soko hata kabla mwanamke wa kwanza hajafika.

Mwanahistoria Luise White aliandika kitabu kizima kuhusu hii kitu, The Comforts of Home, kilichotoka 1990. Aliongea na wamama wazee wenyewe waliofanya hiyo kazi Nairobi ya mkoloni. Wanaeleza kulikuwa na aina tofauti. Kulikuwa na watembezi, waliotafuta wateja barabarani. Kulikuwa na wazi-wazi, waliokaa nje ya mlango na kutaja bei bila aibu. Na kulikuwa na malaya, neno ambalo leo ni tusi, lakini hapo lilimaanisha mwanamke anayengoja mteja ndani ya chumba chake. Huyo hakuwa anauza ngono peke yake. Mteja alipata chai, chakula, maji ya kuoga, kitanda safi, na mtu wa kuongea naye. Yaani zile huduma zote ambazo mwajiri na serikali walikataa kulipia.

Na hao wanawake hawakuwa wanakula pesa ovyo. Wengine walituma nyumbani, zikanunua mifugo na kuokoa familia zilizokuwa zimeanguka. Wengine walijenga nyumba Pangani na Pumwani na kuwa malandilodi, wakati ambapo mwanamke Mwafrika hakutarajiwa kumiliki kitu. Mkoloni alijua. Alishika hapa na pale, hasa wale wa barabarani wanaoonekana, lakini mji haungeenda bila wao. Halafu mwishoni mwa miaka ya 1930 akabomoa Pangani yote.

Hiyo tabia ya kushika anayeonekana tumeirithi hadi leo. Watu wengi wanafikiri kuuza mwili ndiko kumeandikwa kwa sheria yetu kama kosa. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 153 na 154, inamlenga mtu anayeishi kwa mapato ya ukahaba wa mwingine, na vifungu vinavyofuata vinamlenga mwenye danguro. Misako ya usiku mara nyingi hutegemea sheria ndogo za kaunti kuhusu kuzurura kwa nia ya ukahaba. Fikiria hilo neno kuzurura. Mwanamke amesimama, kwa hivyo anazurura. Mteja ako ndani ya gari, dirisha limeshuka nusu, injini inanguruma. Huyo anaonekana tu kama mtu ambaye ako na haraka.

Je, kuna mahali polisi waligeuza bunduki upande wa mteja? Ndio. San Francisco, Marekani, mwaka wa 1995, walianzisha shule ya wateja. Aliyeisukuma ni Norma Hotaling, mwanamke aliyekuwa amefanya hiyo kazi mwenyewe na akatoka, akishirikiana na polisi na ofisi ya mwendesha mashtaka. Polisi mwanamke anasimama barabarani kama chambo. Mwanaume akikubaliana bei, anashikwa. Kama ni mara ya kwanza, anachagua: aende kortini, ama alipe ada na akae darasa siku nzima. Darasani anafundishwa sheria, magonjwa, na anasikiliza wanawake waliotoka kwa hiyo maisha wakimweleza vile walivyomwona. Pesa ya ada inasaidia kulipia huduma za wanawake wanaotaka kutoka. Watafiti bado wanabishana kama darasa la siku moja hubadilisha mtu, ama kama kushikwa tu ndiko kunamtia adabu.

Uswidi walienda mbali zaidi. Kuanzia tarehe 1 Januari 1999, kununua ngono ni kosa, kuuza si kosa. Norway na Iceland zikafuata 2009, Ufaransa 2016. Ripoti ya serikali ya Uswidi ya 2010 ilisema ukahaba wa barabarani ulikuwa umepungua kwa nusu. Wakosoaji wakajibu kwamba biashara imehamia kwa simu, na kwamba mteja anayeogopa polisi anataka mambo ya haraka haraka, kwa giza, kwa hivyo mwanamke anakosa muda wa kumpima kama ni mtu hatari. Amnesty International ilichukua msimamo 2016 kwamba watu wazima waliokubaliana wasiadhibiwe, anayeuza na anayenunua.

Mimi nasimama wapi? Naona haki kwa wazo la Uswidi, lakini siwezi kulibeba hivyo hivyo nilimwage Nairobi. Ukimpa kanjo nguvu ya kushika wateja usiku wa leo, kesho kutakuwa na bei ya kutoshikwa. Buda atalipa, ataenda. Na atakaporudi kwa yule mwanamke atataka kupunguziwa, juu amechangia pahali pengine.

Kwa hivyo mpangilio wangu ni huu. Kwanza tuache kushika wanawake kwa neno kuzurura. Hiyo sheria haigusi tu wanaouza. Inagusa msichana anayetoka shifti ya usiku hotelini, anayengoja mat saa tano na sketi yake, ambaye anaweza kupandishwa lori juu tu amesimama. Pili, nguvu za polisi ziende kwa wale ambao hakuna ubishi: anayenunua mtoto, anayempiga mwanamke, anayemlazimisha mwingine afanye hiyo kazi. Tatu, tuangalie mshahara. Mkoloni alilipa watu pesa ya mtu asiye na familia kisha akashangaa mji umekuwa vile. Ukimlipa dada wa mkono leo pesa isiyofika rent na unga, unangoja nini?

Wazee wa 1871 waliandika jibu lao na wakaweka sahihi. Sisi tunaandika letu kila tukisambaza ile picha ya lori. Ikikufikia wiki hii, usiitume mbele. Na kwa komenti usiniletee ile ya "wavae vizuri." Niambie mteja alikuwa wapi.