Lukaya 1979: Usiku Uliompima Jenerali Musuguri

Jenerali David Musuguri alipofariki dunia Oktoba 29, 2024, akiwa na miaka 104, Watanzania walimkumbuka kwa jina la utani la "Jenerali Mutukula" na kwa wadhifa wa Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi, alioushika kuanzia 1980 hadi 1988. Kwangu mimi, ukubwa wake unaonekana zaidi katika mapigano ya Lukaya, Uganda.

Mzaliwa huyo wa Butiama aliingia jeshi la mkoloni, KAR, mwaka 1942 na akapigana Madagascar. Vita vya Kagera vilianza Oktoba 30, 1978, majeshi ya Idi Amin, mtawala wa Uganda, yalipovamia ardhi yetu. Januari 1979 JWTZ ilitwaa Mutukula, Februari ikaingia Masaka. Musuguri sasa alikuwa akiongoza Divisheni ya 20.

Kutoka Masaka kwenda Kampala, barabara hukatiza kinamasi kikubwa karibu na Lukaya. Brigedi ya 201 ilipangiwa kupita humo. Brigedi ya 208 ya Brigedia Mwita Marwa ikazungukia ukingo wa magharibi. Wakati huo Muammar Gaddafi, kiongozi wa Libya, alikuwa ameshampelekea Amin askari, vifaru na mitambo ya roketi ya Katyusha ili Masaka ikombolewe.

Machi 10 makombora yakaanza kufyatuliwa. Yalipita juu ya vichwa vya askari wetu, lakini kishindo chake kilitosha. Brigedi ya 201 ilikuwa na mgambo wengi, na wengi wao wakatimua mbio. Lukaya ikaangukia mikononi mwa adui. Tony Avirgan na Martha Honey, waandishi walioandamana na vikosi vya Tanzania, wanaeleza kwamba adui alibweteka pale mjini badala ya kusonga mbele.

Musuguri hakumpa nafasi ya pili. Brigedi ya 208, iliyokwisha kufika umbali wa kilomita 60 hivi, iliamriwa igeuke na kurudi usiku uleule. Waliokimbia wakakusanywa na kupangwa upya.

Alfajiri ya Machi 11, Brigedi ya 201 ilishambulia kutoka mbele, ikikabiliana na adui yuleyule aliyeitia hofu jana yake. Brigedi ya 208 ikatokea nyuma kwenye barabara ya Kampala, na mizinga ikafanya kazi yake. Walibya wapatao 200 waliuawa, na Waganda idadi kama hiyo. Luteni Kanali Godwin Sule, kamanda wa Amin, alifia hapo. Mwezi mmoja baadaye Kampala ilikuwa imetekwa.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kamanda mwingine angewaita mgambo wale waoga na kuwaweka kando. Musuguri aliwarudisha vitani, wakashinda. Huo ndio ujasiri wa mkubwa: kubaki na akili timamu wakati wadogo wametishika, na kuwarudishia heshima yao.

Kila Julai 25 tunaweka mashada kwa mashujaa wetu, wakiwamo waliolala Kaboya, Muleba. Mashada hayatoshi. Mgambo wa Lukaya walio hai sasa ni wazee, na simulizi zao zinazikwa pamoja nao. Jeshi, vyuo vikuu na vyombo vya habari viwafuate vijijini kwao na kuwarekodi sasa, kwa Kiswahili, ili Lukaya ifundishwe shuleni kwa ushahidi wa waliopigana.