Waluo 30 walioambukizwa malaria kwa makusudi

Kila Juni 14 dunia huadhimisha siku ya wachangia damu. Ndiyo tarehe aliyozaliwa Karl Landsteiner, bingwa wa makundi ya damu. Siku tano baadaye huja siku ya selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Hotuba husomwa, fulana hugawiwa, lakini ni nadra kumsikia mgeni rasmi akisema kwamba uhusiano wa damu na maambukizi ulithibitishwa kwa damu ya watu wa Afrika Mashariki.

Anthony Allison alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1925, akakulia Kenya. Mwaka 1949, akiwa mwanafunzi wa Oxford, alirudi na msafara wa chuo hicho uliokuwa ukienda Mlima Kenya. Wenzake walikusanya mimea na wadudu. Yeye alitoa watu damu ili alinganishe makundi yao kabila kwa kabila. Kwa maelezo aliyoyaandika uzeeni, makundi hayo hayakumwonyesha lolote la maana. Kilichomshtua ni selimundu. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, zaidi ya mtu mmoja kati ya watano alibeba kinasaba chake. Nyanda za juu, hawakufika asilimia 1. Penye malaria kali, ndipo kilipojaa.

Alirudi mwaka 1953. Kwanza alipima watoto 290 wa Kiganda. Waliobeba kinasaba walikuwa 43, na 12 kati yao walikutwa na vimelea vya malaria. Kwa wale 247 wengine, waliokutwa navyo walikuwa 113. Hakuridhika. Akachukua wanaume wa Kiluo 30 waliojitolea, nusu wakiwa na kinasaba na nusu hawana, wote wakaambukizwa malaria. Kwa wasio nacho, vimelea vilishika kwa 14. Kwa wenye nacho, wawili tu.

Leo jaribio hilo lisingepita kwenye kamati yoyote ya maadili. Wakati ule Kenya ya kikoloni ilikuwa chini ya Hali ya Hatari, na Mwafrika kumkatalia daktari Mzungu halikuwa jambo jepesi.

Matokeo yalichapishwa 1954 na ubishi ukaanza. Mwaka uliofuata mtafiti Ernest Beutler na wenzake walirudia jaribio Marekani, wasione tofauti. Ilichukua miaka mtu kuelewa kwamba wote walikuwa na hoja: kinasaba hakizuii mbu wala kimelea kuingia, bali humwokoa mtoto mdogo asifikie malaria kali, kabla mwili wake haujajenga kinga. Ila anayekirithi kwa baba na mama huugua selimundu yenyewe.

Baada ya hapo yalifuata mengine. Katikati ya miaka ya 1970 mtafiti Louis Miller alionyesha kwamba wasio na alama ya Duffy kwenye chembe nyekundu, ambao ni Waafrika wengi, kwa kawaida hukishinda kimelea cha malaria aina ya vivax. Kundi O likaonekana kupunguza malaria kali, lakini kipindupindu humwelemea zaidi mwenye kundi hilo. Mwaka 2020 watafiti wa Kilifi, Pwani ya Kenya, walieleza kwamba kundi adimu la Dantu hukaza utando wa chembe nyekundu hata kimelea kishindwe kupenya. Makundi yaliyomnyima Allison jibu yalikuwa nalo, tena Pwani ileile.

Allison alifariki 2014, na jina lake lipo vitabuni. Wale 30 hutajwa kwa idadi tu. Wizara zetu za afya zingewaenzi kwa kuhakikisha kila mtoto anayezaliwa Pwani na Kanda ya Ziwa anapimwa selimundu kabla hajatoka hospitali.