Dola 39 na senti 60

Ukiitaja *It Happened One Night*, wengi hukumbuka blanketi lililotundikwa kwenye kamba katikati ya vitanda viwili. Mimi nakumbuka bili.

Filamu hii ya Frank Capra ilitoka Februari 1934, Marekani ikiwa bado ndani ya Mdororo Mkuu wa uchumi. Mwaka uliotangulia, karibu mfanyakazi mmoja kati ya wanne hakuwa na kazi. Kisa chenyewe chepesi: Ellie (Claudette Colbert), binti wa tajiri, anamtoroka baba yake huko Florida na kupanda basi la New York kumfuata mume ambaye mzee hamtaki kabisa. Njiani anakutana na Peter (Clark Gable), mwandishi wa habari aliyefukuzwa kazi.

Sasa fuatilia hela zinavyotembea. Ellie anataka chokoleti. Peter anakataa, hawana za kuchezea. Abiria wanaimba pamoja, basi zima linacheka, na muda mfupi baadaye mama mmoja anazirai kwa njaa huku mwanawe akilia. Noti inatoka mfukoni mwa Peter kwenda kwa mtoto. Husemwa kwamba vichekesho vya enzi ile vilitengenezwa ili watu wasahau njaa. Hiki kimeipandisha njaa kwenye basi, ikakaa na abiria wengine.

Ndiyo maana bili ya mwisho ina uzito. Baba ametangaza zawadi ya dola 10,000 kwa atakayempata binti. Peter anakuja kudai dola 39 na senti 60 tu: gharama za njiani, pamoja na thamani ya vitu vyake alivyoviuza ili wapate petroli. Zaidi ya hapo hataki hata senti. Sisi waandishi tunayajua madai ya safari, huwa hayapungui! Mzee, aliyezoea watu wenye bei, anamwelewa papo hapo: jamaa anampenda binti yake. Yule mume, kwa upande wake, anakubali kununuliwa akae pembeni.

Mwaka 1935 filamu ilizoa Oscar tano kubwa, ikiwemo ya Robert Riskin aliyeandika mswada. Kwangu, ustadi wake uko kwenye hesabu hiyo. Mbele ya watazamaji waliohesabu kila senti, alimfanya mwanaume atamke mapenzi yake kwa kusoma orodha ya matumizi, na wakamwamini.