Uganda ya Amin na Vyanzo vya Habari Zake: Mtazamo wa Asembo Bay

Mtungaji wa ensaiklopidia hutegemea yale yaliyokwisha kuchapishwa. Utaratibu huo huwa na kasoro pale mtawala anapoifunga nchi yake, na Uganda ya Idi Amin (1971–1979) ni mfano ulio wazi.

Ndani ya Uganda habari zilidhibitiwa na serikali. Gazeti la Uganda Argus liligeuzwa Voice of Uganda mwaka 1972. Padri Clement Kiggundu, mhariri wa Munno, aliuawa mwaka 1973. Askofu Mkuu Janani Luwum alipouawa Februari 1977, serikali ilitangaza kwamba amekufa katika ajali ya gari. Waandishi wengi wa kigeni nao walikusanya habari wakiwa Nairobi, kwa kuwahoji wakimbizi. Matokeo yake yaonekana katika idadi ya waliouawa. Tume ya Kimataifa ya Wanasheria ilikadiria kati ya 80,000 na 300,000. Makadirio mengine yalifika 500,000. Kitabu kimoja kinaponukuu kingine, kadirio huishia kusomwa kama hakika.

Asembo Bay, kwenye Ghuba ya Winam magharibi ya Kisumu, habari hizo hazikuwa za ugenini. Kiluo kinachosemwa hapo ni ndugu ya Kiacholi na Kilango, lugha za askari wengi waliouawa kambini mwaka 1971. Kiswahili, lugha ya jeshi la Uganda, kilieleweka pande zote mbili za mpaka. Tena, Februari 1976 Amin alidai maeneo ya magharibi ya Kenya yaliyokuwa sehemu ya Uganda hadi 1902, na ufuo huo ulikuwa miongoni mwake.

Hata hivyo, ushahidi wa mdomo kwa lugha hizo haukuchapishwa ila kwa nadra; na kisichochapishwa hakinukuliwi. Hata hazina ya picha zipatazo 70,000 iliyogunduliwa mwaka 2015 katika shirika la utangazaji la Uganda, ambayo baadhi yake ilionyeshwa katika Jumba la Makumbusho la Uganda mjini Kampala mwaka 2019, ilipigwa na wapiga picha wa serikali. Mauaji hayamo.

Ni dhahiri, basi, kwamba pengo hili ni la lugha kama lilivyo la siasa. Waliokuwa vijana wakati ule sasa ni wazee. Idara za lugha za Kiafrika ndizo zenye ujuzi wa kurekodi, kunukuu na kufasiri maneno yao. Wakizikwa nayo, kauli ya mtawala itabaki chanzo kikuu.